Mtoto mwenye usonji (autism) na kitu asichotaka kuachishwa: pa kuanzia, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 7 anayeishi Malaba, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, pamoja na mama yake na jajja (bibi yake). Anapenda namba za malori. Akiona foleni ya trela zinazosubiri kuvuka mpaka, husimama kando ya barabara akasoma kila bati: la Uganda linaanza na U, la Kenya na K, la Rwanda na R. Akiitwa kurudi nyumbani hujitupa chini, hupiga kichwa ardhini na kumng'ata anayemshika. Majirani wanasema ana pepo, au mama kamdekeza. Shuleni wamesharudisha mtoto nyumbani mara mbili.

Kwingine kitu chenyewe ni feni, mita ya umeme, kuku, maji yanayotiririka, au wimbo mmoja unaorudiwa kutwa. Tutatumia malori kwa sababu ni mfano ulio wazi, lakini hatua ni zilezile. Na tuseme mapema tunachokiamini: usimnyang'anye mtoto kitu hicho ili kumwadhibu. Ndicho kinachomtuliza, na ndipo anapokuwa tayari kujifunza. Kazi yako iko kwenye namna kinavyoanza na namna kinavyokwisha.

Hatua ya 1: Anza na mwili

Kama tabia imebadilika ndani ya siku chache, alikuwa analala sasa halali, au ameanza kujipiga sikioni, weka kando kadi na ratiba zote. Nenda kituo cha afya. Omba wampime malaria, waangalie masikio yote mawili, na wamulike meno ya nyuma kwa tochi. Jino lililooza ndani kabisa halionekani mtoto akicheka, na mtoto asiyeongea hawezi kukuonyesha.

Kisha fikiria choo. Watoto wengi wenye usonji hula vyakula viwili au vitatu tu. Anayekula posho (ugali) kavu na chipsi, na kwenda choo kila siku ya nne, ana maumivu ya tumbo yanayotosha kumfanya apige watu. Andika siku alizokwenda choo, ongeza maji, na papai au parachichi kama atakubali. Asipokubali, mwombe mhudumu dawa ya kulainisha choo. Dawa za minyoo hutolewa bure vituoni na shuleni katika kampeni za Aprili na Oktoba. Anayekula udongo, mkaa au chokaa apimwe wingi wa damu, kwa maana upungufu wa madini ya chuma huenda pamoja na hamu hiyo.

Kama haongei au haitiki jina lake, kipimo cha kusikia kitangulie kila kitu. Wapo watoto walioitwa wakaidi kwa miaka kumbe masikio yamejaa usaha.

Hatua ya 2: Daftari la siku 14

Chukua daftari la kawaida la shule. Piga mistari upate safu nne: saa, kilichotokea katika dakika 5 za kabla, alichofanya, kilichofuata papo hapo. Tukio moja, mstari mmoja. Andika kinachoonekana kwa macho: "alimpiga dada mkononi mara 2", usiandike "alikuwa jeuri". Neno "jeuri" halitakusaidia kitu wiki ijayo. Juu ya kila ukurasa weka saa alizolala, alichokula, na kama siku ile kulikuwa na wageni, mvua au umeme umekatika. Jajja asiyeandika atume ujumbe wa sauti kwa simu, mama aunakili jioni.

Katika siku hizi 14 usibadilishe chochote, isipokuwa pale penye hatari. Hapa ndipo wengi hushindwa: siku ya tatu wanakuwa tayari na jibu.

Ukimaliza, pitia safu ya pili na ya nne kwa kalamu ya rangi. Kwa kila tukio jiulize: alipata kitu? Alikwepa kitu? Alimpata mtu aliyekuwa amempa kisogo? Au ni mwili wenyewe, kelele, joto, sweta ya shule inayowasha shingoni? Tabia moja inaweza kuwa na sababu mbili. Mtoto wetu wa Malaba hung'ata barabarani na hung'ata nyumbani saa sita mchana. Daftari linaonyesha kwamba barabarani hang'ati foleni ikiwa imekwisha; hung'ata akikatizwa katikati ya kuhesabu. Nyumbani hung'ata mashine ya kusaga ya jirani inapowashwa. La kwanza linatibiwa kwa kumpa mwisho unaoeleweka, la pili kwa kumtoa mapema au kumvika viziba masikio, vile vya mafundi wa kukata vyuma, vinavyopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ukitumia dawa moja kwa yote mawili, utaona imefaulu siku moja na kushindwa siku tatu.

Hatua ya 3: Kipe kitu chake mwanzo na mwisho

Kwanza jua hasa anachopenda. Kaa naye dakika 15 kwa siku tatu, bila maswali wala kumfundisha, ukiangalia macho yake. Yanafuata magurudumu? Anasubiri ule mlio wa breki za upepo? Anasoma namba? Watoto wawili "wanaopenda malori" wanaweza kuwa wanapenda vitu viwili visivyofanana. Anayependa mzunguko atafurahia hata mfuniko wa sufuria ukizungushwa sakafuni. Anayependa namba anataka karatasi na kalamu. Ukikosea hapa, utanunua lori la plastiki sokoni, naye atalitupa, na utadhani amekataa zawadi.

Pili, tengeneza mwisho anaouona. "Dakika 5 zimebaki" ni maneno matupu kwa mtoto asiyejua dakika. Kata kipande cha katoni ukubwa wa daftari, chora viboksi, na ubebe vizibo vya soda mfukoni. Kila lori likipita, kizibo kimoja kwenye kiboksi. Viboksi vikijaa, mnakwenda nyumbani, na nyumbani pawe na jambo linaloendeleza kitu kilekile: kikombe cha uji na daftari la kuandika namba za leo. Anza na hesabu atakayoiweza. Kama kawaida hutosheka baada ya malori 20, siku ya kwanza viwe viboksi 20. Kila wiki punguza 2 mpaka ufike 10. Anayeanza na 5 siku ya kwanza hupigwa siku ya kwanza.

Sasa yanayoharibika. Siku foleni ni fupi, viboksi havijai, na mtoto hatatoka pale hata giza liingie. Weka picha za malori kwenye simu, zilizopigwa siku nyingine, mzitumie kujazia viboksi vilivyobaki. Siku nyingine foleni ni ndefu mno, viboksi vimejaa na malori bado yapo. Hapo ataomba mengine. Usiongeze hata moja. Ukiongeza mara moja tu, katoni ile inakuwa mapatano ya kuvutana kila siku. Na ukitumia kengele ya simu kutangaza mwisho, isiwe simu ileile anayotazama. Tumia saa ya mezani.

Tatu, tenga dakika 30 kila siku za kitu chake ambazo hazichumwi wala hazinyang'anywi, hata kama asubuhi alivunja sahani. Muda unaozidi hapo ndio unaoweza kutumika kumvuta kwenye kazi: kwanza viatu, halafu namba. Familia zinazofanya muda wote kuwa malipo huona mtoto akizidi kung'ang'ania, kwa kuwa hajui kesho atapata au hatapata. Anayejua atapata huachia kwa urahisi zaidi.

Nne, kipanue polepole. Katika mambo kumi, tisa yawe anayoyajua na moja jipya. Herufi U, K, R na T (ya Tanzania) ni mwanzo wa kusoma. Baada yake huja majina ya nchi, kisha ramani, kisha Kampala, Nairobi, Kigali na Dodoma. Tarakimu za bati zijumlishwe. Dada yake asome namba, yeye aandike: hapo tayari wanacheza wawili, jambo ambalo kwa kulilazimisha lisingewezekana.

Kitu chenyewe kikiwa cha hatari, tafuta kile ambacho mwili wake unakipata humo, ukihamishe. Anayependa maji apewe beseni na jerikani la lita 5 lililotobolewa matundu chini, saa kumi alasiri kila siku, mtu mzima akiwa pembeni. Anayeshika nywele za wanawake kwenye teksi awe na fungu lake la nywele za kusuka mfukoni. Anayefungua mita na soketi apewe redio mbovu afungue, betri zikiwa zimetolewa; usimpe televisheni ya zamani ya chogo, kwa sababu hushika umeme hata baada ya kuchomolewa, na weka mbali betri ndogo za mviringo za saa na rimoti. Betri hizo zikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache: kimbia hospitali bila kusubiri dalili.

Kuhusu video za simu: bando huisha na umeme hukatika, na siku hiyo haitakuomba ruhusa. Pakua video chache zikae kwenye simu, na uchapishe picha kumi za kitu chake studio, uzifunge kwa uzi ziwe kitabu. Mzoeze kitabu hicho siku ambazo umeme upo, ili kisije kuonekana adhabu.

Hatua ya 4: Mpe njia iliyo fupi kuliko kung'ata

Kama kung'ata ndiko kunakomtoa kwenye kelele, ataendelea kung'ata mpaka apate njia ya haraka zaidi. Anza na kadi mbili tu: "Basi" (imetosha) na "Bado" (sijamaliza). Kata katoni sentimita 7 kwa 7, bandika picha, funika kwa selotepu pana, toboa tundu na uning'inize kiunoni kwa kamba fupi. Kwa kadi za vitu, piga picha ya kikombe chake mwenyewe; mchoro wa kikombe chochote haumwambii kitu. Kama nyumbani mnaongea Kiteso, Kiganda na Kiswahili, msiache lugha ya mama kwa kudhani itamchanganya. Ila kadi moja iwe na neno moja ambalo kila mtu nyumbani analitamka vilevile.

Fundisha akiwa ametulia. Mpe kazi ndogo asiyoipenda, mathalani kufuta meza. Kabla hajakasirika shika mkono wake taratibu, toeni pamoja kadi ya "Basi", sema "basi", na kazi iishe papo hapo. Rudia mara 5 kwa siku. Wiki mbili za kwanza kadi iheshimiwe kila inapotolewa, hata kama amefuta mara moja tu. Ukisema "malizia kwanza", kadi imekufa, na meno yanarudi. Baada ya hapo ndipo unapoanza kuvuta muda: sekunde 5, kisha 10, kisha nusu dakika.

Ukiamua kuacha kumpa kitu alichozoea kukipata kwa kupiga kelele, tuseme peremende kwenye duka la jirani, jiandae: kelele zitapanda kwanza kabla ya kushuka, kwa siku kadhaa. Mwambie mwenye duka mapema asimpe kwa huruma. Ukikubali siku ya nne, umemfundisha kwamba kelele za siku nne ndiyo bei. Kama hujawa tayari kuvumilia, usianze wiki hii. Ni afadhali usubiri.

Hatua ya 5: Mlipuko wenyewe

Tofautisha mtoto anayedai na mtoto aliyelipuka. Anayedai hukutazama kwa jicho la pembeni, na hunyamaza akipata. Aliyelipuka hanyamazi hata ukimpa. Mwili umemzidi nguvu, na wakati huo hafundishiki.

Toa watu, kwanza wale wanaorekodi kwa simu. Toa mawe, chupa, sufuria ya moto. Simama umbali wa mkono mmoja na nusu, ubavuni mwake badala ya mbele, usimkazie macho. Sema maneno mawili kwa sauti ya chini, "niko hapa", kisha nyamaza. Akipiga kichwa, ingiza mto, kanga iliyokunjwa au kiganja chako kati ya kichwa na ukuta. Aking'ata mkono wako usiuvute, sukuma taratibu kuelekea mdomoni mwake na taya litalegea. Ukivuta nyama inachanika. Kumshika kabisa ni kwa pale tu anapokaribia barabara, moto au maji, na kwa sekunde chache. Usimlaze kifudifudi wala usimkalie mgongoni: watoto hufa kwa kukosa hewa namna hiyo.

Kamba, minyororo na kufungiwa chumbani vipo katika vijiji vyetu, na mara nyingi hufanywa na wazazi waliochoka wasio na msaada. Hatuwalaumu, lakini tunasema wazi: kamba hukata ngozi, humwacha mtoto mahali asipoweza kukimbia moto, na ikifunguliwa tabia iko palepale. Fimbo nayo humfundisha jambo moja, kwamba aliye mkubwa hupiga, na mdogo wake ndiye atakayelipia.

Akitulia mpe maji, kivuli na kitu chake. Msiongee kuhusu kilichotokea kwa nusu saa angalau. Anaweza kulipuka tena upesi kwa jambo dogo, kwa kuwa mwili bado haujashuka. Wewe pia kunywa maji, kisha andika mstari wako kwenye daftari.

Barabara, maji na watu

Watoto hawa hutoroka, na wengi huvutwa na maji. Komeo liwe juu kabisa ya mlango wa nje. Visima, mashimo ya kufyatulia matofali na mitaro vifunikwe au vizungushiwe uzio, na akipotea, penye maji patafutwe kwanza, kabla ya kuuliza kwa majirani. Shona kitambaa chenye namba mbili za simu ndani ya ukosi wa shati. Usiandike jina lake kwa nje, mtu mbaya asije kumwita kwa jina.

Halafu nenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), kwenye steji ya boda, na kwa wenye maduka, ukiwa na mtoto. Waambie mambo matatu tu: haongei, hupenda malori, mkimwona peke yake nipigieni. Usilione jambo hili dogo. Kijana wa miaka 14 anayeingia duka la watu na kuchukua soda bila kusema neno anaweza kudhaniwa mwizi, na tunajua kundi la watu humfanya nini mwizi. Wamjue angali mdogo.

Hospitali na dawa

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Chanjo haikuusababisha: makala ya mwaka 1998 yaliyoanzisha uvumi huo yalifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Wanaouza maji ya klorini ya kunywesha watoto wanauza sumu.

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenye kliniki ya afya ya akili. Kwa wakazi wa Malaba na Tororo ni Mbale. Kampala kuna Mulago na Butabika. Nenda na daftari lako na video mbili za dakika mbili mbili, moja akiwa ametulia, nyingine siku mbaya, kwa sababu mbele ya daktari huenda akakaa kimya kabisa.

Kwa kujiumiza au ukali usiopungua, daktari anaweza kuandika risperidoni. Marekani iliidhinisha itumike kwa watoto wenye usonji kuanzia miaka 5 mwaka 2006. Husaidia baadhi yao, lakini huongeza njaa na uzito, na huweza kuleta usingizi au kukakamaa kwa misuli. Mpime uzito kila mwezi. Usinunue dawa za usingizi au haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) kwenye duka la dawa kwa ushauri wa muuzaji, na usikatize dawa ya kifafa ghafla, hata baada ya maombi.

Kifafa huonekana sana kwa watoto wenye usonji. Akidondoka na kutetemeka, mlaze ubavu, legeza nguo, tazama saa, usitie kijiko wala kidole mdomoni. Ikipita dakika 5, hospitali.

Shuleni

Mpe mwalimu ukurasa mmoja, usimpe faili: anachopenda, kinachomlipua, kadi zake mbili, na la kufanya akilipuka. Omba dawati la mbele mbali na dirisha la barabarani, ruhusa ya kuvua sweta, na kona ya kupumzikia dakika 10 anapotoa kadi ya "Basi". Hesabu zake ziwe za namba za malori mpaka atakapozoea darasa. Kama mwalimu anashika kiboko, mkumbushe mwalimu mkuu kwa heshima kwamba marekebisho ya Sheria ya Watoto ya Uganda ya mwaka 2016 yamekataza viboko shuleni. Shule isipokuwa na mwalimu wa mahitaji maalumu, muulize afisa elimu wa wilaya ni shule ipi iliyo naye. Chuo Kikuu cha Kyambogo huwafundisha walimu hao.

Anza na siku fupi: muda wa saa mbili tu kila asubuhi kwa wiki mbili, na umchukue kabla hajachoka. Kisha ongeza nusu saa kwa wiki. Akilipuka siku mbili mfululizo, rudi kwenye muda wa wiki iliyopita na ufungue daftari safu ya pili.